Sura ya Tano: Kuingia Si Kumaliza

Northfield ni mji mdogo wa kusini mwa Minnesota wenye watu wapatao 20,000, na kwa miaka mingi umejinadi kwa mambo matatu: ng'ombe, vyuo na maisha ya kuridhika. Ng'ombe siku hizi huwaoni kirahisi ukiwa mjini. Vyuo vipo viwili. Carleton kilianzishwa mwaka 1866. St. Olaf, kilichoanzishwa na Walutheri wenye asili ya Norwei mwaka 1874, kimekaa juu ya kilima ng'ambo ya mto Cannon. Ukijumlisha ada, chumba na chakula, bei ya mwaka mmoja inayotangazwa imeshavuka dola 70,000 katika vyote viwili. Sasa panda gari uelekee Minneapolis. Kabla saa moja haijaisha utakuwa Bloomington, kwenye chuo cha miaka miwili kiitwacho Normandale, ambako ada ya mwaka mzima kwa mkazi wa jimbo haifiki dola 8,000.

Mzazi aliyekulia Kisii au Moshi akiziona namba hizo, huwa na moja kati ya majibu mawili. La kwanza: hicho cha 70,000 si cha watu kama sisi, na karatasi inatupwa. La pili ni la hatari zaidi: kama ni ghali basi ni kizuri, tuuze shamba. Wenye majibu yote mawili wamesoma namba moja wakaziacha zile zenye maana.

Nimeichagua Minnesota kwa sababu ina kila aina ya chuo ndani ya mipaka ya jimbo moja, na kwa sababu Waswahili wako wengi huko. Kuna Wakenya wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, Watanzania, Wakongo, na Wasomali waliokulia Dadaab na Eastleigh ambao Kiswahili chao hakina doa. Jimbo lina watu chini kidogo ya milioni sita. Lina Chuo Kikuu cha Minnesota chenye kampasi tano, kubwa kuliko zote ikiwa ile ya Minneapolis na Saint Paul, inayoitwa Twin Cities. Lina mfumo wa pili wa umma, Minnesota State, wenye vyuo 26 vya miaka miwili na vyuo vikuu saba, kuanzia Winona, kilichoanzishwa kuwa chuo cha ualimu mwaka ambao jimbo lilizaliwa, 1858, hadi Mankato, St. Cloud na Bemidji. Kisha kuna vyuo binafsi, vingi vikiwa na asili ya kanisa. Watoto wa mtaa mmoja, waliosoma sekondari moja, hutawanyika humo. Miaka kumi baadaye mmoja ana nyumba, na mwingine ana deni bila cheti. Mara nyingi aliyebaki na deni hakuwa mjinga kuliko mwenzake.

Tuanze na bei. Vyuo binafsi vya Marekani vina bei mbili: bei ya tangazo, na bei ya mfukoni, yaani ile itakayotoka kwenye kaya yako hasa. Kati ya hizo mbili kuna punguzo ambalo, kwa wastani wa nchi nzima, limevuka nusu ya ada kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni wachache wanaolipa bei ya tangazo. Carleton na Macalester, kile cha Saint Paul, huahidi kuziba pengo lote la uwezo wa familia kwa kila mwanafunzi wanayemkubali. Kwa hiyo familia yenye kipato cha dola 45,000 inaweza kulipa Macalester pesa ndogo kuliko itakayolipa kwenye chuo binafsi cha jirani ambacho tangazo lake ni nafuu zaidi lakini hakina mfuko wa akiba wa kutoa ruzuku. Tangazo kubwa na mfuko mkubwa mara nyingi hukaa nyumba moja.

Tangu mwaka 2011 sheria inakilazimisha kila chuo kinachopokea fedha za misaada ya serikali kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha bei ya mfukoni. (Msomaji wa Tanzania asishtuke, hiki si kile cha mafao.) Unaingiza kipato, idadi ya watu nyumbani na akiba, kinakupa makadirio. Huchukua dakika chache, na ni bure. Ningekuwa na uwezo ningewazuia watu kuitisha harambee ya karo kabla ya kukijaza kikokotoo cha vyuo vitano.

Makadirio ni makadirio, lakini. Kinachofunga ni barua ya msaada wa masomo inayofika kati ya Machi na Aprili. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Nitaandika hapa barua ya mfano, ya kubuni, lakini imejengwa kama zinavyojengwa barua halisi. Mama ni nesi msaidizi, baba anaendesha lori, kipato chao ni dola 62,000. Chuo ni binafsi, bei yake ya mwaka dola 80,000. Barua inasema hivi: ruzuku ya chuo 48,000; ruzuku ya Pell ya serikali kuu 5,000; ruzuku ya jimbo 6,000; kazi ya chuoni 2,800; mkopo wa mwanafunzi 5,500; mkopo wa wazazi 12,700. Chini kabisa, kwa wino mzito, imeandikwa: kinachobaki kulipwa, 0.

"Mama, ni sifuri! Nimepata chuo cha bure!"

"Sifuri ya nani, mwanangu? Hebu lete miwani yangu."

Mama huyo anajua kazi. Ruzuku ni mistari mitatu ya kwanza tu, jumla yake 59,000. Mistari mitatu inayofuata si msaada. Kazi ya chuoni ni mshahara ambao kijana hajaufanyia kazi bado, na atalipwa kidogo kidogo mwaka ukiwa unakwenda, wakati ada inadaiwa Agosti. Mikopo miwili ni deni. Kwa hiyo bei ya mfukoni ni dola 21,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni 84,000, hapo ada haijapanda hata senti, jambo ambalo halitatokea. Mwaka 2022 wakaguzi wa bunge la Marekani walipitia barua hizi wakakuta kwamba takriban 91% ya vyuo ama havitaji bei ya mfukoni kabisa au huitaja pungufu ya ilivyo. Siwaiti wezi, kwa kuwa hakuna sheria waliyovunja. Ila barua inayoweka mkopo na zawadi kwenye safu moja haikuandikwa ili ieleweke.

Mkopo wa wazazi unastahili neno zaidi. Huo hauko kwa jina la mtoto. Ni wa mama, riba inaanza kuhesabiwa siku pesa zinapotoka, na hauna habari na mshahara atakaopata mtoto akihitimu. Zamani mzazi aliweza kukopa hadi kufikia bei nzima ya chuo. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inaweka ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto, kuanzia Julai 2026. Wapo wanaolalamika kwamba mlango umebanwa. Mimi nasema ulichelewa kubanwa.

Upande wa vyuo vya umma, hesabu ilibadilika sana mwaka 2023, bunge la jimbo lilipopitisha mpango uitwao North Star Promise, ulioanza kazi vuli ya 2024. Kwa ufupi: familia ikiwa na kipato cha kodi kisichofika dola 80,000, jimbo linamalizia ada yote ya chuo cha umma inayobaki baada ya ruzuku nyingine kutumika. Kwa familia ya barua yetu, maana yake ada ya Mankato, inayokaribia dola 10,000 kwa mwaka, au hata ile ya Twin Cities iliyo kati ya 17,000 na 19,000, inafutika. Kinachobaki ni kula, kulala, vitabu na usafiri. Kijana akiendelea kulala nyumbani Brooklyn Park na kupanda basi, kinachobaki kinalipika bila mkopo.

Lakini mpango huo una ukingo mkali. Aliyefikisha 79,900 anapata. Aliyefikisha 81,000 hapati. Jamii yetu, inayoishi kwa ovataimu za nyumba za wazee, husogelea ukingo huo bila kujua. Isitoshe, FAFSA, fomu ya kuombea misaada ya serikali, hutazama kodi ya miaka miwili iliyopita. Zamu za ziada ulizofanya mwaka 2024 ndizo zitakazoamua ada ya mwaka wa masomo unaoanza vuli ya 2026. Wakati huohuo, pesa unazoweka kwenye akiba ya uzeeni kupitia mwajiri, kabla ya kodi, hazihesabiwi kwenye kipato hicho. Mama mwenye mtoto wa kidato cha pili cha Marekani ana muda wa kukaa na mhasibu. Mwenye mtoto anayemaliza mwakani hana.

Mambo mawili ya ukazi, kwa haraka. Minnesota ina makubaliano na Wisconsin, Dakota Kaskazini, Dakota Kusini na mkoa wa Manitoba, Kanada, hivyo binamu yenu wa Fargo hulipa karibu sawa na mwenyeji. Na tangu mwaka 2013 jimbo limewaruhusu vijana wasio na karatasi, waliosoma sekondari humo miaka mitatu na kuhitimu, walipe ada ya mwenyeji. Mwaka 2025 serikali kuu iliishitaki Minnesota juu ya sheria hiyo, kwa hiyo anayehusika amwone mwanasheria kwanza, asitegemee habari za kanisani.

Kwa anayetoka Mombasa au Dodoma na viza ya mwanafunzi, mambo ni mengine kabisa. Hana Pell, hana ahadi ya jimbo, na kazi anayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kabla ya viza lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Kwake yeye kuna njia mbili za kweli. Moja ni vyuo vikuu vya mfumo wa Minnesota State kama St. Cloud na Mankato, ambavyo vina ufadhili wa kumshusha mgeni hadi karibu na ada ya mwenyeji, naye anarudisha kwa kushiriki shughuli za kutambulisha utamaduni wake kwa jamii. Hata hivyo kula na kulala bado ni juu yake. Nyingine ni kupigania nafasi chache za vyuo tajiri. Kijana wa Ghana aitwaye Kofi Annan alifika Macalester mwaka 1959 kwa ufadhili wa Ford Foundation, akahitimu uchumi mwaka 1961. Kilichofuata kinajulikana. Njia hiyo bado ipo, ila ni nyembamba. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Macalester imekuwa ikiangalia uwezo wa kulipa inapoamua nani aingie, na mgeni anayehitaji ufadhili mkubwa hushindana na wageni wenzake kutoka dunia nzima.

Hapo tumeshaingia kwenye udahili, na juu ya huo sina mengi, kwa sababu ndiyo namba inayopendwa kuliko zote na inayosaidia kidogo kuliko zote. Carleton hukubali karibu mwombaji mmoja kati ya watano. Macalester, karibu watatu kati ya kumi. Twin Cities, karibu robo tatu ya waombaji. Normandale na wenzake wa miaka miwili humpokea kila mwenye cheti cha sekondari. Watu husoma orodha hiyo kama ngazi ya ubora. Lakini kiwango cha kukubaliwa hupima idadi ya walioomba, na idadi ya walioomba hupandishwa kwa matangazo na kwa fomu moja inayotumwa vyuo ishirini kwa kubonyeza mara chache. Tangu vuli ya 2022 Minnesota imekuwa na mpango ambamo mwanafunzi wa sekondari hupokea barua yenye orodha ya vyuo vilivyokwisha kumkubali kabla hajaomba, kwa kutazama alama zake tu. Mlango wa kuingilia, kwa vyuo vingi vya jimbo hili, uko wazi.

Kuna mlango wa pili ndani, na huo hauandikwi kwenye mabango. Kukubaliwa Twin Cities si kukubaliwa uhandisi au biashara. Skuli hizo zina ushindani wake. Kwa uuguzi, vyuo vingi vya umma humwingiza mwanafunzi kwanza, akasoma kemia na anatomia mwaka au zaidi, ndipo akaomba tena kuingia programu yenyewe. Wanaokosa hapo hujikuta wana krediti nyingi za shahada wasiyoitaka. Swali la kumwuliza mdahili ni moja: kati ya wanaoanza hapa wakitaka uuguzi, wangapi huupata?

Mwaka 1933 kijana wa shamba kutoka Iowa alikuja Minneapolis akafeli mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Minnesota. Bahati yake, mwaka mmoja kabla chuo kilikuwa kimefungua kitengo kiitwacho General College kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Akaingia humo, akahamia misitu, akaendelea hadi shahada ya udaktari mwaka 1942. Jina lake Norman Borlaug. Mbegu zake za ngano zililisha Mexico, India na Pakistan, na mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hadi mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 91, alikuwa akipiga mbiu dhidi ya kutu mpya ya ngano iliyogunduliwa Uganda, ile ambayo mbegu za kuikabili hupimwa Njoro, Kenya.

General College hakipo tena. Bodi ya chuo ilipiga kura mwaka 2005 kukifunga, na mwaka uliofuata kikafungwa, licha ya maandamano ya wanafunzi. Kilikuwa kimejaa watoto wa wahamiaji, watu weusi na wanafunzi waliokuwa wa kwanza katika familia zao kufika chuo, na wachache tu kati yao walikuwa wakimaliza kwa wakati. Chuo kilitaka kupanda kwenye orodha za ubora, na viwango vyake vya kuhitimu vilipanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wa Twin Cities waliohitimu kwa miaka minne hawakufika mmoja kati ya watano. Leo ni zaidi ya saba kati ya kumi, na ukiwapa miaka sita ni zaidi ya wanane. Haya ni mafanikio makubwa, na sehemu yake ni kazi halali ya kuwasaidia wanafunzi. Sehemu nyingine ni kwamba waliokuwa wakichelewa hawaruhusiwi tena kuingia. Kila ukisoma kiwango cha kuhitimu, uliza kwanza nani alizuiwa mlangoni.

Pamoja na hayo, kiwango cha kuhitimu ndicho ninachokitazama kabla ya kingine chochote. Carleton na Macalester humalizisha karibu tisa kati ya kumi. Baadhi ya vyuo vikuu vya mfumo wa Minnesota State humalizisha takriban nusu, vingine hata chini ya hapo. Sababu si kwamba walimu wa huko ni wabaya. Ni kwamba mwanafunzi wa huko anafanya kazi saa 30 kwa wiki, ana mtoto, gari lake likiharibika muhula umeharibika. Takwimu za nchi nzima zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaoshindwa kulipa mikopo ya masomo si hasa wale wenye madeni makubwa. Ni wale wenye madeni madogo ambao hawakumaliza. Dola 9,000 bila cheti zinauma kuliko 27,000 na shahada ya uhandisi.

Kuna hesabu moja ambayo ofisi za vyuo hazikuelezi usipouliza. Shahada ya kwanza inahitaji krediti 120. Sheria za misaada humwita mwanafunzi wa muda kamili yeyote mwenye krediti 12 kwa muhula. Kijana anasikia "muda kamili", anachukua 12, anatulia. Mihula minane mara 12 ni 96. Zinapungua 24, yaani mwaka mzima mwingine wa kula, kulala na kukosa mshahara. Twin Cities ilishughulikia jambo hili mwaka 2002: ukishalipia krediti 13, zinazozidi hapo ni bure. Anayechukua 15 analipa sawa na mwenye 13. Ni utaratibu mdogo wa uhasibu, na ni mmoja wa mambo yaliyowasukuma watu kumaliza. Mwanao akiwa huko akajiandikisha 13, mpigie simu.

Jambo jingine la kuharakisha, na ni la bure kabisa: tangu mwaka 1985 Minnesota inawaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo kwa gharama ya jimbo, vitabu vikiwemo. Wapo vijana wanaotoka sekondari na mwaka mzima wa krediti mkononi. Wenyeji wanaujua mpango huu vizuri. Wazazi wetu wengi husikia habari zake mtoto akiwa ameshavaa joho.

Njia ya kuanzia chuo cha miaka miwili kisha kuhamia chuo kikuu ni njia nzuri, na kwa nesi msaidizi anayesoma usiku mara nyingi ndiyo pekee. Inavuja katika kuhamisha. Jimbo lina mtaala wa pamoja wa uhamisho wa krediti 40 unaotambuliwa na vyuo vyote vya umma. Ukiukamilisha wote, unahama nao wote. Ukihama nusunusu, au ukiwa umesoma kozi za ufundi ambazo hazimo, unaanza kubishana somo kwa somo. Na kumbuka kwamba viwango rasmi vya kuhitimu huhesabu wale tu walioanza chuo kwa mara ya kwanza na kwa muda kamili. Mama wa miaka 34 anayesoma kozi mbili kwa muhula hayumo kwenye hesabu hiyo. Aliyetoka Normandale akahitimu Twin Cities anaonekana, kwa Normandale, kama asiyehitimu. Kwa hiyo vyuo vya miaka miwili vinaonekana vibaya kuliko vilivyo, na bado ukweli kuhusu mama huyo haujulikani kutoka kwenye takwimu. Itabidi amwulize mkuu wa programu yake.

Tumefika kwenye matokeo, yaani cheti kinafungua nini. Tangu mwaka 2015 Wizara ya Elimu ya Marekani imechapisha kipato cha waliosoma kila chuo, mara nyingi miaka kumi baada ya kuingia. Ni chombo kizuri kikisomwa kwa tahadhari. Kinahesabu waliopokea misaada ya serikali kuu tu. Pia kinachanganya fani: nesi aliyetoka Mankato atamzidi mshahara mhitimu wa falsafa wa Carleton kwa miaka mingi, hasa kwa kuwa wahitimu wengi wa Carleton huendelea hadi udaktari na huchelewa kuanza kazi. Tazama kipato kwa fani, si kwa chuo. Tofauti kati ya fani mbili ndani ya chuo kimoja mara nyingi huizidi tofauti kati ya vyuo viwili.

Kwa kazi zenye leseni kuna kipimo kikali zaidi. Bodi ya Uuguzi ya Minnesota huchapisha, chuo kwa chuo, asilimia ya wahitimu waliofaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza. Hakuna brosha inayoweza kuubishia ukurasa huo.

Asiyeamini kwamba cheti na leseni ni vitu viwili akumbuke kisa cha Globe University na Minnesota School of Business, vyuo viwili vya kutafuta faida vyenye wamiliki walewale. Viliwaandikisha vijana kwenye programu ya haki ya jinai, wengi wao wakitaka kuwa polisi au maofisa wa kusimamia wafungwa walio nje. Polisi wa Minnesota lazima awe amepitia programu inayotambuliwa na bodi ya jimbo, na hiyo haikuwa mojawapo. Ofisa wa kusimamia wafungwa anatakiwa kuwa na shahada ya kwanza, na waliuziwa cheti cha miaka miwili. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alishitaki mwaka 2014. Septemba 2016 jaji wa Kaunti ya Hennepin aliamua kwamba wanafunzi walidanganywa. Desemba mwaka huohuo serikali kuu ilivikatia misaada, na vikafunga milango. Krediti zao hazikukubalika kwingi, maana ithibati ya vyuo hivyo haikuwa ile inayotambuliwa na vyuo vya umma. Miaka kadhaa baadaye baadhi ya wanafunzi walifutiwa mikopo. Muda wao hakuna aliyewarudishia. Wakati yote hayo yakitendeka, vyuo hivyo vilikuwa na matangazo mazuri kwenye runinga, maegesho ya bure na madarasa ya jioni, na wadahili wake walipiga simu usiku. Chuo kinachokupigia simu mara tatu kwa wiki kinakutaka kwa sababu zake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, barua zikifika mwezi Machi, kaeni mezani na mtoto na kalamu nyekundu. Pigeni mstari juu ya kila kitu ambacho si ruzuku. Ruzuku zinazobaki zitoeni kwenye bei ya mwaka; jibu lizidisheni kwa nne, kisha fanyeni hesabu nyingine ya kulizidisha kwa tano, maana watoto wengi wa jirani walimaliza kwa miaka mitano au zaidi. Andikeni barua pepe kwa ofisi ya misaada mkiuliza kama ruzuku ya chuo inaendelea miaka yote na inahitaji alama gani ili isikatwe. Mwandikieni mkuu wa programu mkiuliza wangapi huanza, wangapi humaliza, na wangapi hupata leseni. Kipato kikiwa kimeshuka tangu kodi iliyotumika, ombeni hesabu ipitiwe upya. Vyuo vina utaratibu wa jambo hilo, ingawa havilitangazi. Vyuo vingi vinataka jibu ifikapo Mei mosi, muda unaotosha kwa yote hayo. Na chuo kitakachokataa kujibu maswali hayo kwa maandishi, hata kiwe na jina kubwa namna gani, msikipe pesa zenu.